Kondoo Kumi na Mmoja wa Mounsey

Shamba la Hagg Beck,
tarehe 6 Desemba 1992

Ndugu yangu Amos,

Anayekuandikia ni Lanty, kaka yako, mwenye miaka themanini na minne na miezi miwili. Nimewazika Baba na Mama, nimezika mbwa kumi na tisa, na madaktari watatu walionikataza kiko wametangulia wao, mmoja baada ya mwingine. Ile baridi ya mwaka arobaini na saba iliua nusu ya kondoo wa bonde hili. Wangu niliwafukua kwenye theluji kwa koleo, peke yangu. Jirani yetu Septimus Airey aliapa kwamba ukuta wangu wa juu utaanguka kabla yangu. Airey yuko kaburini, ukuta umesimama, nami nimesimama, ila goti la kushoto hunung'unika nikipanda ngazi.

Wewe je, hujambo? Edith mkeo, ule mguu umepona? Wanao, wajukuu, na hao kondoo elfu nne ambao kila ukiandika naona wameongezeka, wote wazima? Watu huku huniuliza kama ni kweli huko New Zealand mnakata manyoya wakati wa Krismasi. Nawajibu ni kweli, na kwamba hata hivyo hayupo huko wa kukata kama nilivyokata mimi, kondoo mia na kumi kwa siku, kwa mkasi wa mkono, bila kumtoa hata mmoja damu.

Barua yako niliipata. Umesema Keziah, mjukuu wako, anataka kuja kuishi hapa Hagg Beck alishike shamba, kwa kuwa mimi sina mtoto. Umesema pia kwamba bado hujamruhusu, na hukueleza kwa nini. Mimi najua kwa nini. Msichana akija, mwezi wa kumi na moja atakwenda kwenye mkutano wa wachunga kondoo kama kila mtu wa bonde hili. Ataketi kwenye ile meza ndefu, na kabla sahani haijamfikia, mtu atamwinamia mwenzake na kusema: huyo ni mjukuu wa yule Amos aliyepaka rangi yake kondoo wa Mounsey. Watu wa huku husahau siku walizozaliwa watoto wao, lakini jambo kama hilo hawalisahau.

Basi ndiyo maana naandika. Msomee Keziah barua hii yote, hata pale ninapoeleza mambo unayoyajua kuliko mimi, kwa maana ninayemweleza ni yeye. Binti wa posta alitaka kuniandikia kwa mashine. Nikamwambia niliacha shule nikiwa na miaka kumi na miwili, nikijua kuandika jina langu zima, na sijalisahau mpaka leo. Hii ni siku ya tatu niko kwenye karatasi hii. Palipokatwa kwa wino paruke.

Mambo yalianzia kwa daktari wa macho, mwezi wa tisa. Nilikuwa nimeketi kwenye benchi mlangoni, na mtu aliyenitangulia alikuwa ndani anasoma zile herufi za ubaoni kwa sauti kubwa kama mnadi. Nikazishika zote kichwani, maana kichwa changu ni kizuri. Zamu yangu ilipofika daktari akaniziba jicho moja, nami nikamtiririshia herufi kuanzia juu mpaka chini, bila kumeza mate. Yule bwana akakaa kimya. Kisha akaniambia kwa upole, "Mzee Dargue, umesoma vizuri kuliko wote leo. Ila taa ya ubao nilishaizima tangu ulipokaa."

Hakucheka. Afadhali angecheka. Nilirudi nyumbani sikumsemesha mtu, kwa sababu kimya kile nilishawahi kukisikia mara moja tu maishani, mwaka wa arobaini na tatu, kwa Kapteni Vereker.

Sikiliza sasa, Keziah. Wakati wa vita jeshi lilichukua lile shamba kubwa la bwana mkubwa lililo chini yetu, wakaleta vifaru vilivyofunikwa turubai. Tuliambiwa tusiviangalie. Kila mwenye shamba upande huu wa mlima alitia sahihi karatasi kwamba atakayesema alichokiona, hata kwa mkewe, atakwenda jela. Nilitia sahihi mimi, akatia babu yako, akatia Airey. Joss Mounsey hakutia, kwa sababu shamba lake liko ng'ambo ya kilele, na jeshi liliamini kwamba mtu wa ng'ambo haoni huku. Liliamini sawasawa. Hakuona kitu.

Kumbuka pia kwamba miaka ile nchi nzima ilikuwa chini ya amri ya giza, ndege za adui zisione mahali pa kutupa mabomu. Airey ndiye aliyewekwa kuisimamia amri hiyo, na tulimwita Bwana Giza. Alimpeleka Mama mbele ya hakimu kwa mshumaa mmoja aliokuwa nao chooni. Mama hakumsamehe. Alipokufa Airey, Mama alituma shada la maua na mshumaa.

Kile kitu kilichokuwa chini ya turubai kilikuwa taa. Kifaru kizima, na mahali pa mzinga wake wameweka taa, inatoka kwenye ufa mwembamba kama tundu la barua. Walisema nguvu yake ni mishumaa milioni kadhaa, sikuihesabu. Mbele ya ufa kulikuwa na kibao cha chuma kinachofunga na kufungua upesi sana, mwanga ukawa unapepesa. Nia yao ilikuwa adui amulikwe usoni ashindwe kulenga, na askari wetu wampitie pembeni gizani bila yeye kujua. Kapteni Vereker, aliyeviongoza vifaru hivyo, alitaka kujaribu kwa macho yasiyo ya jeshi. Akaomba mgambo wa bonde letu, watu wa milimani wanaomtambua kondoo wao kutoka maili moja. Nawe unajua, Amos, katika hao wote macho yaliyosifiwa yalikuwa ya nani.

Tulikuwa kumi na tisa, tumepangwa nyuma ya ukuta wa mawe, giza limeshaingia, mwezi wa kumi. Tulipewa bunduki zisizo na risasi. Kazi ilikuwa rahisi: kifaru kitakuja, mwanga utawaka, kila mmoja aelekeze bunduki pale anapokiona kifaru, kisha mwanga ukizimwa kila mtu abaki hivyo hivyo, wapime.

Ukawaka. Keziah, sina maneno ya kukupa. Umeshamulikwa na jua ukitoka zizini? Hilo si kitu. Huu uliingia machoni ukajaa kichwani, ukapepesa bila kukoma. Mtu wa kulia kwangu alitapika kwenye buti zangu. Airey alisimama juu ya ukuta, filimbi mdomoni, akakipigia kifaru kelele: "Zima taa hiyo! Wewe! Nani kakuruhusu kuwasha? Zima!" Miezi mingi baadaye, kila alipoingia baa kulikuwa na mtu wa kumwambia, "Zima taa, Septimus." Kisha giza likarudi, na lilikuwa zito kuliko giza lolote, lenye madoa ya zambarau yanayoogelea.

Kumi na wanane walikuwa wameelekeza bunduki kila upande, wengine mbinguni. Mmoja alimlenga mke wa mchungaji wa kanisa aliyekuwa amekuja na chai. Mimi nilikuwa nimeelekeza kwenye mstari wa vichaka vya miiba mbele yetu, na Kapteni alipopima, nilikuwa nimekosea hatua tatu tu.

Akanijia. Akauliza kama nina hakika nilikiona. Nikamwambia kwamba mimi huona sikio la kondoo lililokatwa pengo nikiwa upande wa pili wa bonde, itakuwaje nisione lundo la chuma. Akakaa kimya, kimya kile kile cha daktari. Kisha akauliza kama niliona kitu kingine. Nikasema ndiyo. Nilimwona mdogo wangu Amos juu ya kilima, nyuma ya kifaru, na mbwa wake Nip, anashusha kondoo. Wakamwita Amos alipofika chini. Akakiri kwamba alikuwa huko, ingawa ilikuwa marufuku, maana aliogopa vile vifaru visije vikawakanyaga kondoo. Kapteni akaandika kwenye daftari lake kwa muda mrefu, uso umesawijika. Kama mtu mmoja anaona kupitia mwanga ule, basi Wajerumani nao watakuwa na mtu wao mmoja.

Watu husema vifaru vile havikutumika sana vitani kwa sababu majenerali hawakuelewana. Mimi nimeishi miaka arobaini na tisa nikiamini ni kwa sababu yangu. Wakati mwingine nilijivunia. Wakati mwingine sikulala.

Sasa kuhusu kondoo. Kondoo wa huku hawana uzio juu mlimani. Kila mmoja anajua upande wake aliofundishwa na mama yake, na hatoki humo. Lakini mwanga ule uliwatoa. Wale wa Mounsey waliruka kilele kwa hofu wakaingia kwa wetu, na Amos gizani hakuweza kuwatenga. Aliwashusha wote pamoja akawafunga kwenye zizi letu. Siku zile ndizo tulizokuwa tunapaka rangi, kabla ya kuwafungulia madume: sisi doa jekundu begani, Mounsey mstari wa buluu kiunoni. Rangi hufutika na mvua, sikio halifutiki. Sikio letu lina tundu upande wa kulia, la Mounsey lina pengo upande wa kushoto. Kondoo asiye wako akikujia unamweka mpaka siku ya mkutano, unamrudishia mwenyewe, mnakunywa. Ukimpaka rangi yako, wewe si mtu tena. Ni afadhali uue.

Wiki mbili baadaye Joss Mounsey alipowakusanya kondoo wake upande wake wa mlima, alikuta majike kumi na mmoja wamerudi nyumbani kwa miguu yao wenyewe, na kila mmoja ana doa letu jekundu begani.

Aliwaleta mkutanoni, kwenye zizi la nyuma ya baa. Wewe ulikuwepo, Amos, lakini Keziah hakuwepo. Kisha aliingia ndani ya baa akasimama kofia mkononi, mzee mpole yule, na alikuwa karibu kuwa baba mkwe wako, maana Jennet binti yake alikuwa amevaa pete yako tangu Pasaka. Akauliza ni nani aliyewashusha kondoo wake. Ukasema ni wewe. Akauliza uliwatoa wapi na kwa nini walikuwa huko. Ukanyamaza. Ungemjibu nini? Ulikuwa umetia sahihi. Airey naye alikuwa ametia sahihi, akaangalia sakafu. Joss akasema, "Kijana, niambie neno moja tu nami nitaliamini." Hukusema. Kisha akauliza kama yupo aliyeona. Watu wote wakageuka kunitazama mimi, kwa sababu ni nani mwingine huona?

Nikasema nilimwona Amos kwa macho yangu akiwashusha. Joss akauliza, na rangi? Nikainua glasi yangu nikanywa. Hilo ndilo lililokuwa jibu langu, na lilitosha. Sahani kubwa ya viazi na nyama ya kondoo ilipoanza kupita mkono kwa mkono, ilipofika kwako ilipitishwa juu ya mikono yako, kutoka kwa huyu hadi kwa yule. Jennet alirudisha pete kesho yake. Baba hakukufukuza, aliacha tu kukuita jina. Vita vilipokwisha ukapanda meli, na shamba likawa langu.

Nimefika pale nilipokuwa napakwepa. Nimechonga penseli mara mbili na wino haujaisha, kwa hiyo sina kisingizio.

Sikuona kitu, Amos. Mchana wa siku ile nilipita na madume karibu na ile miiba nikawaona askari wanachomeka vijiti vyeupe vya kuonyesha njia ya kifaru. Mwanga ulipowaka nilifumba macho nikachelewa, nikaelekeza bunduki kwenye vijiti nilivyovikumbuka. Wewe mwenyewe ulikuwa umeniambia wakati wa chai kwamba utapanda kuwashusha wale wa juu. Nilipoulizwa, nikasema nimekuona. Ningesema nini tena? Watu kumi na wanane walikuwa wananitazama, au nilidhani wananitazama. Mimi nilikuwa naona zambarau tu.

Na ule mkono uliopaka rangi ni wangu.

Asubuhi iliyofuata ulipanda tena kutafuta wawili waliovuka kilele, ukaniachia agizo nisiwaguse kondoo mpaka urudi, kwa kuwa wa Mounsey walikuwa humo. Nikakujibu tangu lini mdogo amfundishe mkubwa kusoma sikio. Kapteni alikuwa ametuambia waliomulikwa wapumzishe macho siku mbili. Wengine walikaa ndani na vitambaa vya maji usoni. Mimi nikaingia zizini na ndoo. Katikati ya kila nilichokiangalia palikuwa na doa. Nikimtazama kondoo, sikio linatoweka. Ningeweza kupapasa, Amos. Kidole kimoja tu kwenye sikio, tundu au pengo, kazi ya mtoto. Lakini kupapasa masikio nilikuwa nikiita kazi ya vipofu na watu wa mjini, nilishawacheka wengi. Niliwatenga sita wa Mounsey nikajisifu. Kumi na mmoja niliwapaka nikijua nusu kwamba sijui. Kisha nikafungua lango, nao wakaenda kwao na aibu yetu begani.

Ulijua ni mimi. Hakukuwa na mtu mwingine zizini, Baba alikuwa kitandani na kifua. Pale mkutanoni ulinitazama mara moja, ukangoja. Ungeweza kunitaja. Nimejiuliza miaka yote kwa nini hukunitaja, na sitaki unijibu kwenye barua. Njoo unijibu hapa.

Basi baada ya yule daktari kuzima ubao wake, nilingoja mkutano. Ulikuwa Jumamosi ya pili ya mwezi uliopita. Siri ya taa ile sasa imo vitabuni, hakuna wa kumfunga mzee. Kabla sahani haijaanza kupita nilisimama, nikasema yote niliyokuandikia hapa, kwa sauti, pamoja na vijiti. Nilipomaliza niliketi. Jennet, ambaye ni mjane sasa na ndiye anayeandika kitabu cha mkutano, alivua miwani akaifuta. Akasema, "Lanty Dargue, nilijua macho yako ni bure tangu siku ile ulipomwamkia dume letu ukidhani ni Baba." Wakacheka wote, wakacheka muda mrefu, nami nikaona ni haki yao. Yeye hakucheka. Akavaa miwani, akaandika, akanigeuzia kitabu nitie sahihi. Kisha akachukua sahani kubwa kabla ya mtu yeyote, akajaza sahani moja viazi na nyama, kile kipande cha pembeni kilichokauka vizuri ulichokuwa unakipenda, akaiweka mbele ya kiti kitupu. Ikakaa pale jioni nzima. Mwishowe mbwa wa Dick Mounsey aliila, lakini kwanza ilikaa.

Mwambie Keziah chumba cha juu nimekipaka chokaa. Macho yangu yatapasuliwa mwezi wa pili, daktari anasema jicho moja kwanza. Kwa sasa nawapapasa kondoo masikio, kila mmoja, mbele za watu, na nimegundua kwamba ninafanya upesi kuliko yeyote bondeni. Aje na buti nzuri.

Msalimie Edith, wasalimie wanao kwa majina yao, na mwambie yule mdogo aliyenichorea kondoo mwenye miguu mitano kwamba picha yake iko ukutani. Huku Dick anakusalimu. Jennet anasema nisiandike kwamba anakusalimu, kwa hiyo siandiki.

Wa kuyathibitisha niliyosema mkutanoni ni Jennet, na kitabu chake ukurasa wa mwisho. Ni Dick Mounsey, mjukuu wa Joss. Na watu arobaini na wawili waliokula siku ile. Kwamba niliwapaka rangi kondoo wale, waliokuwepo ni kondoo tu, nao walikufa zamani. Na kwamba sikuona kitu kwenye mwanga ule, shahidi ni wewe. Uliposhuka na kondoo nilikuja langoni kukupokea, nikanyoosha mkono nikushike bega, nikashika nguzo ya lango. Nikaipigapiga ile nguzo, nikaiambia afadhali umerudi salama. Ukauchukua mkono wangu taratibu ukauweka begani kwako.

Ni mimi kaka yako,

Lancelot Dargue